Gari Jeusi la Shemeji

Watoto wa shule walimwita Shangazi, na wazazi wao wakalichukua jina hilo, hata ikawa mtu akiuliza nyumba ya yule mama mwenye kibasi cheupe, hakuna aliyemwelewa mpaka ataje Shangazi. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya kukemea na mkono mwepesi wa kufunga kamba za viatu vya watoto wa watu. Kabla ya kupata kibasi chake aliendesha magari ya wengine kwa miaka mingi: gari la mikate, gari la zahanati, lori la kuuza maji. Kila moja alilitunza kama lake, na kila jioni alimrudishia mwenyewe likiwa limefagiliwa, naye akarudi nyumbani kwa miguu. Ndiyo maana siku alipokaa kwenye usukani wa gari lake mwenyewe alilia kabla hajawasha injini, akasingizia vumbi.

Aliyemuuzia alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Mji mzima ulimwita Tabasamu. Alikuwa na meno mazuri na hakuwa na sababu ya kuyaficha. Akikupongeza alitabasamu, akikupa pole alitabasamu, na wapo waliosema kwamba hata akiwa usingizini mdomo wake haufungi. Yadi yake ya magari ilikuwa kando ya barabara kuu, imezungushiwa waya na vibendera vya plastiki, na ofisi yake ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Ndani mlikuwa na feni, meza ya kioo na kochi la ngozi bandia lililonata mapajani wakati wa joto. Hapo ndipo Shangazi alipoketi na mume wake, fundi seremala, mtu wa maneno machache, na hapo ndipo alipouliza habari ya kadi ya umiliki.

Tabasamu alimweleza kwamba kadi bado iko kwa wakala aliyeliingiza gari. Akasema kubadilisha jina kuna kodi yake na foleni yake, na kwamba watu wenye akili zao huendesha magari miaka nenda miaka rudi bila kubadilisha chochote na hawajafa. Kisha akaegemea kiti.

“Shemeji, gari haliendeshwi na karatasi. Linaendeshwa na mafuta. Na sisi ni ndugu. Tukianza kuandikiana kama watu baki, dada yako atanilaza nje.”

Wakacheka wote isipokuwa seremala. Njiani kurudi nyumbani, wakiwa ndani ya kibasi chao, alisema neno moja tu, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Shangazi akamwambia asilete mkosi siku ya furaha. Yule dada ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, ndiye aliyemfundisha kusoma, ndiye aliyemsuka nywele siku ya harusi yake. Mtu wa nyumba ile amwibie? Haikumwingia akilini. Tena walikuwa wamekwisha kutoa kila walichokuwa nacho: akiba ya upatu, malipo ya makabati ambayo seremala alikuwa bado hajayamaliza, na cherehani aliyoachiwa na mama mkwe wake. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Na kwa muda yalikuwa maji mazuri. Aliamka kabla ya jogoo, akapitisha kitambaa kwenye viti, akawaokota watoto mlango kwa mlango. Alimjua anayetapika akikaa nyuma na anayelia akimwona mbwa. Wazazi walimlipa bila kukumbushwa. Seremala alimchongea sanduku la vitabu vilivyosahaulika, na Shangazi akapaka rangi ya njano mlango wa pembeni ili watoto wadogo wasikosee gari. Kuhusu kadi, aliuliza mara kadhaa, na kila mara wakala alikuwa amesafiri.

Mwaka wa pili ukielekea ukingoni, adhuhuri moja, alikuwa ameegesha mbele ya lango la shule, watoto wamekwisha kukaa, wanagombania dirisha. Gari la kuvuta likasimama mbele yake, likamzibia njia. Akashuka dalali, mwanamume mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa, na nyuma yake vijana wawili wenye vifua vya kubebea magunia. Dalali alimsalimu vizuri. Akamwambia kwamba kibasi hiki ni dhamana ya mkopo, kwamba mkopaji ameshindwa kulipa, na kwamba kampuni ya mikopo imeagiza gari likamatwe. Shangazi alimwambia amekosea gari. Dalali akamwonyesha karatasi, na kwenye nafasi ya mwenye gari palikuwa na jina la Tabasamu, herufi kubwa, halina hata alama ya kufutwa.

Watoto waliambiwa washuke. Mmoja wa chekechea, aliyekuwa akipenda kukaa nyuma ya dereva, alikishika kiti akakataa. Vijana wa dalali hawakujua la kufanya. Ikabidi Shangazi mwenyewe apande, avibandue vidole vile kimoja kimoja huku mtoto akimtazama usoni kama anayeuliza kafanya kosa gani. Wakasimama wote juani na mabegi yao, kibasi kikainuliwa magurudumu ya mbele, kikaondoka kikiburutwa. Wazazi waliokuwa pale waliinua simu wakapiga picha. Jioni hiyo mji mzima ulikuwa umeshamwona Shangazi akiwashusha watoto wa watu kwenye gari la madeni.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kontena. Tabasamu hakujificha. Alikuwa akimenya karanga juu ya meza ya kioo, na dada mtu alikuwa kwenye kochi. Shemeji alieleza kwamba biashara iliyumba, kwamba aliiweka kadi ile dhamana ya mkopo akitumaini kurudisha haraka, na kwamba Mungu akijalia atamtafutia gari jingine. Shangazi alipopandisha sauti, yeye hakuipandisha ya kwake. Alipangusa maganda ya karanga mkononi, akauliza kwa upole:

“Kwani shemeji, una karatasi gani inayosema lile gari ni lako?”

Shangazi akamgeukia dada yake. Hakutaka pesa kwake, alitaka neno tu, hata lile la “jamani.” Dada aliangalia sakafu, akaangalia kucha zake, halafu akainuka kwenda kurekebisha feni.

Shangazi alitoka na hakubamiza mlango. Tabasamu angekuwa mtu wa kuogopa, hapo ndipo angeogopa. Yule alikuwa mwanamke wa kelele, na mwenye kelele akinyamaza, ujue jambo limeshuka tumboni.

Polisi walimsikiliza, wakampa pole, wakamwambia kwa mujibu wa kadi gari ni la aliyeandikwa. Mwanasheria, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la rangi, alimwambia kesi inawezekana, ila aandae mashahidi na subira ya miaka. Kibasi kilipigwa mnada kabla wiki haijaisha. Wazazi, mmoja baada ya mwingine, waliwahamishia watoto wao kwenye magari mengine, wengine kwa haya, wengine hata bila kwaheri. Shangazi akarudi kuendesha lori la maji la mtu, analirudisha jioni, anatembea.

Hasira haikumtoka. Alikuwa akikata kabichi jikoni, na mume wake, huko karakanani, alisikia kisu kikigonga ubao kwa nguvu ambayo kabichi haikuistahili. Ndugu walipomwambia amwachie Mungu, alijibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii ndogo ataifanya mwenyewe. Alimwazia Tabasamu mchana akiwa foleni ya maji na asubuhi akipiga mswaki. Alitaka aone meno yale yamefichwa. Zaidi ya hapo alikuwa bado hajui anataka nini.

Njia ilifunguka mahali asipopategemea. Alikwenda ofisi ya usajili wa magari kutafuta taarifa za kibasi kwa ajili ya mwanasheria. Nyuma ya dirisha la kioo alikaa binti mwenye miwani aliyechoka na watu. Taarifa zilionyesha kwamba kadi ilikuwa kwa jina la Tabasamu tangu kabla Shangazi hajaketi kwenye lile kochi. Hapakuwahi kuwa na wakala. Kumbe mtu alikuwa na kadi mkononi muda wote, akimtazama usoni na kucheka. Shangazi alisimama pale akipumua. Binti, akidhani hajaelewa utaratibu, akamweleza kwamba mtu yeyote akilipia ada anaweza kuulizia gari lolote, mradi awe na namba yake.

“Lolote?”

“Lolote, mama. Haya, nani anafuata?”

Namba ya gari jeusi la Tabasamu aliijua kama tarehe ya kuzaliwa kwake. Nani asiyeijua? Lilikuwa gari refu, zito, la vioo vya giza, lililooshwa kila asubuhi hata msimu wa mgao wa maji. Tabasamu alikwenda nalo misibani na kwenye mikutano, akaliegesha mahali ambapo kila mtu angelazimika kulizunguka. Trafiki walikuwa wakilipigia saluti. Shangazi akaitaja ile namba, binti akabonyeza, akasoma jina. Halikuwa la Tabasamu. Lilikuwa la mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, anayeishi mji mwingine.

Kwa mara ya kwanza tangu kibasi kiburutwe, Shangazi alisikia njaa. Alinunua mahindi ya kuchoma akala mawili palepale kwenye ngazi za ofisi.

Jumamosi yeye na mume wake walipanda basi wakaenda mji huo. Mzee aliwapokea barazani, penye miguu mitatu ya kile chombo chake cha kupimia iliyoegemezwa ukutani na ramani zilizoviringishwa kama mikeka. Alivaa miwani minene na bado aliwatazama kama watu walio mbali. Walipotaja gari jeusi, uso wake ulilegea kwa huzuni. Akasimulia kwamba macho yalipoanza kumsaliti aliamua kuliuza, akamkabidhi kijana mmoja mchangamfu wa yadi amtafutie mteja. Baada ya siku chache yule kijana alirudi analia. Gari limeungua njiani, limebaki bati. Alileta na picha, lakini kwa macho yale mzee aliona moshi tu. Akaachiwa pesa kidogo, mfano wa rambirambi. Kilichomshangaza mzee ni faini za barabarani zilizoendelea kumfikia kwenye simu, mwaka hadi mwaka, kwa gari lililokuwa jivu. Alidhani mashine za serikali zimerukwa na akili.

Shangazi alitoa simu yake, akatafuta picha ambayo Tabasamu aliiweka mtandaoni mwezi uliopita, ameegemea mlango wa nyuma wa gari jeusi, mguu mmoja juu ya mwingine. Mzee aliisogeza simu mpaka ikakaribia pua. Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na mkwaruzo mrefu. Alipitisha ukucha juu ya kioo cha simu, akiufuata.

“Huu aliuweka marehemu mke wangu,” alisema. “Siku aliposhindana na geti. Nilimkataza kuupaka rangi.”

Halafu mzee aliinuka, akaingia ndani, akarudi na bahasha ya plastiki. Ndani mlikuwa na kadi yenyewe, haina hata kunyanzi, na ufunguo wa pili. Yule mchangamfu hakuwahi kuviomba, maana nani huomba kadi na ufunguo wa gari lililoungua? Mzee akaviweka juu ya meza, mkono wake ukabaki juu yake.

“Mwanangu, wewe unalitaka gari, au unamtaka mtu?”

“Namtaka mtu, baba. Gari litanifikisha tu.”

Mzee alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi seremala amletee maji. Alipopata pumzi alimwuliza habari zake zote, na Shangazi akazisema kuanzia kochi la kunata hadi vidole vya mtoto. Mzee akasema yeye umri umekwenda, hana miguu ya kumfukuza mwizi, wala macho ya kuendesha gari. Atamwuzia Shangazi kwa bei ya kuandikwa tu, ile ile aliyopewa kama rambirambi, na shtaka la wizi ataliandikisha polisi kwa jina lake.

“Ila tufanye kwa karatasi,” alisema. “Zote. Hata zile wasizozihitaji.”

Wakafanya hivyo. Yule mama mwanasheria wa juu ya duka la rangi aliandika mkataba, mzee akaweka sahihi na dole gumba juu yake, kwa kuwa hakuiamini sahihi peke yake. Seremala aliposhuhudia alitoa penseli nyuma ya sikio, karani wa mama huyo akamwambia mkataba hautiwi sahihi kwa penseli ya fundi mbao. Kodi ikalipwa, foleni ikapangwa, mihuri ikagongwa. Binti mwenye miwani ndiye aliyemkabidhi Shangazi kadi mpya, akamsihi ahakikishe jina. Shangazi alilisoma herufi kwa herufi, kisha akampa mume wake naye alisome, kisha akalisoma tena.

Angeweza kulifuata gari jioni hiyo hiyo. Lilikuwa likilala nje ya nyumba ya dada yake, na ufunguo alikuwa nao. Mume wake alimshauri hivyo, kimyakimya, yaishe. Alikataa. La kwake lilichukuliwa mchana, mbele ya macho ya watu. Na Tabasamu alikuwa ametangaza mji mzima kwamba anafungua yadi ya pili.

Kwanza alikwenda kwa dalali. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye benchi na rundo la pasi, majiko na televisheni za watu. Dalali alipomwona alisimama, akasema yeye hana ugomvi naye, alitumwa tu.

“Najua,” Shangazi alimjibu. “Ulifanya kazi yako vizuri sana siku ile. Nataka uifanye vivyo hivyo.”

Siku ya ufunguzi palikuwa na mahema, viti vya kukodi vilivyovikwa vitambaa, na spika zilizotikisa vioo vya magari. Mabwana wa kampuni ya mikopo walikaa mbele. Nyuma yao walikaa wateja wa zamani walioalikwa waje na magari yao, yamepangwa safu kama gwaride. Katikati, juu ya zulia jekundu, lilisimama gari jeusi. Dada mtu alikuwa ndani yake, kiti cha mbele, injini inanguruma ili apate ubaridi, kwa sababu gauni lake halikuwa la jua. Tabasamu alikuwa na kipaza sauti. Alikuwa akieleza kwamba siri ya biashara ni uaminifu.

Shangazi aliingia akiwa na polisi wawili, wamebeba barua ya shtaka la mzee. Nyuma yao alikuja dalali na shati lake jeupe, na nyuma ya dalali gari la kuvuta, ambalo lilivunja kamba ya vibendera likipita getini. Muziki ukazimwa. Tabasamu alimwona shemeji yake na, kama kawaida, akatabasamu. Akamkaribisha kwenye kipaza sauti, akawaambia wageni kwamba huyu ni mdogo wake, damu yake.

Shangazi alikwenda mpaka mbele. Hakupandisha sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, na kazi hiyo kikamfanyia.

“Shemeji, hili gari jeusi ni la nani?”

Akajibu kwamba ni lake, la nani tena.

“Una karatasi gani inayosema ni lako?”

Tabasamu alianza kucheka, akatazama polisi, akatazama dalali, akatazama ile kadi ambayo Shangazi alikuwa ameinyoosha mbele yake. Aliisoma. Polisi mkubwa akataja jina la mzee mpima ardhi na akauliza habari za moto. Mdomo wa Tabasamu ulifunga. Ulifunga taratibu, kama mlango wenye bawaba mbovu, na walioketi mbele walisema baadaye kwamba hawakumtambua. Shangazi alimtazama kwa makini. Alikuwa ameusubiri uso ule kwa muda mrefu na hakutaka upite haraka.

Kilichobaki ni gari. Dada yake alikuwa ameona kila kitu kupitia kioo cha giza, akazima injini na kujifungia. Dalali aligonga dirisha kwa adabu, hakujibiwa. Shangazi akatoa ufunguo wa mzee, akabonyeza, milango ikafunguka kwa mlio mmoja. Akafungua upande wa dada.

Dada alikuwa ameshikilia mshipi wa kiti kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa limeanza kumharibia uso. Pale mlangoni Shangazi aliiona mikono ile iliyomsuka nywele, na jambo ambalo hakulipangia hesabu likampitia kifuani. Lakini hakurudi nyuma.

“Shuka, dada.”

“Ungeniambia kwanza,” dada alisema kwa sauti ndogo. “Mimi si adui yako.”

“Nilikuja kukuambia. Ukainuka kurekebisha feni.”

Shangazi alimfungulia mshipi, akamshika kiwiko akamshusha, akamwokotea na kiatu kilichodondoka. Kisha gari jeusi likainuliwa magurudumu ya mbele na kuvutwa juu ya zulia, na zulia nalo likafuata kidogo kabla ya kunasuka. Angeweza kuliendesha, funguo zilikuwepo. Alitaka livutwe.

Hapo ingekuwa imetosha, lakini moto wa nyikani hauulizi mpaka. Mteja mmoja, mwenye gari la kubebea matofali, aliinuka akauliza kadi yake iko wapi. Akainuka mwingine, mwuguzi aliyeambiwa kwamba kadi yake iko kwa wakala. Akainuka wa tatu. Mabwana wa kampuni ya mikopo walitazamana, kwa sababu wao walijua kadi zile ziko wapi: zilikuwa kwenye kabati lao, moja baada ya nyingine, dhamana. Viti vilivyovikwa vitambaa vikaanza kuanguka. Wakati polisi wanamwondoa Tabasamu, watu walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na neno lake moja, na neno lenyewe lilikuwa lile lile, karatasi.

Mama yao mzazi aliita kikao. Walikaa sebuleni kwake: Shangazi na mume wake upande huu, dada na Tabasamu, aliyekuwa nje kwa dhamana, upande ule. Tabasamu alikuja kwa miguu. Mama alisema kwamba mabinti zake wote wawili walinyonya ziwa moja, kwamba kesi ikiendelea atakayeumia ni mwanawe mkubwa, na kwamba yule mzee wa mbali amesema akikubali Shangazi, na yeye atalegeza. Alimwomba mwanawe wa mwisho kama mtu anavyomwomba mkubwa wake. Ilikuwa vigumu kumtazama.

Shangazi alimjibu mama yake kwa heshima zote. Akasema atakubali kwa sharti moja, shemeji aseme mbele ya kikao alichofanya, kwa maneno yake, kuanzia mwanzo. Si mengi. Wote wakamgeukia Tabasamu. Alijikuna kidevu. Alisema kwamba biashara ni bahati, kuna kupanda na kushuka, na kwamba ndugu hawafikishani mbali. Kisha, kwa mazoea, akatabasamu.

“Mama, nimekusikia,” Shangazi alisema, akainuka. “Sitalegeza.”

Tabasamu alifungwa. Yadi zote mbili zilichukuliwa, ya kwanza na ile iliyodumu asubuhi moja. Wateja wengine walirudishiwa magari yao na wengine hawakurudishiwa kitu, na wapo walioona kwamba Shangazi, kwa kulipua jambo hadharani, ndiye aliyewaharibia. Walimwambia hivyo sokoni. Aliwajibu waende jela wakamwulize aliyewauzia.

Gari jeusi aliliuza kwa muumini mwenzake wa kanisani aliyelipenda tangu zamani, na kwa fedha yake alinunua kibasi kingine. Muuzaji wa kibasi alikaribia kulia. Shangazi alidai kadi, alidai taarifa za usajili, alidai barua kwamba gari halina mkopo, alidai muuzaji alete kitambulisho cha baba yake. Muuzaji akamwuliza kama ananunua gari au anaposa. Wazazi walirudi, si wote. Yule mtoto wa chekechea alikuwa amekua, akapanda bila kumkumbuka.

Dada alihamia kwa mama na watoto wake wawili wadogo. Hakuwa na fedha ya kuwasafirisha kwenda shule, na Shangazi hakusubiri kuombwa. Asubuhi moja alisimama mbele ya nyumba ya mama, akapiga honi, akangoja. Mlango ulichelewa, lakini ulifunguliwa, na watoto wakatoka wamepakwa mafuta, mabegi mgongoni. Ikawa hivyo kila siku. Dada aliwasindikiza mpaka kibasini, akawapandisha, akageuka akitazama upande mwingine, na Shangazi naye hakumlazimisha. Kutoka hapo kwenda shuleni kulikuwa na njia ya mkato, lakini alichukua barabara kuu, ili apite yadi ya zamani na kuliona kontena, dirisha lake limepigwa mbao. Hakuacha hata siku aliyochelewa. Mume wake aligundua kwa jinsi mafuta yalivyokuwa yakiisha, akamwuliza kama bado hajashiba. Alisema bado.

Wiki ya baridi ilipoingia, dada aliwatoa watoto kama kawaida, akawapandisha wote wawili, akabaki ameshika mlango. Shangazi alidhani nguo imenasa.

“Mdogo ana kikohozi,” dada alisema, akiutazama usukani. “Asikae dirishani.”

Shangazi alimhamisha mtoto, akamweka nyuma yake, akafunga kioo cha upande ule. Dada aliusukuma mlango mpaka ukalia, akaujaribu kwa kiganja kama umefunga, kisha akarudi ndani.